"Mko wangapi?": jibu kwa dada anayetaka kwenda peke yake kwenye bustani ya burudani

Dada mmoja mwenye umri wa miaka 41 ameniandikia akieleza kwamba atasafiri kikazi, na mkutano ukimalizika atabaki na siku moja nzima isiyo na shughuli. Karibu na hoteli atakayofikia kuna bustani kubwa ya burudani, yenye rolakosta, yaani treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi juu ya reli, na michezo mingine ya kupanda ambayo ameitamani tangu utotoni, lakini wenzake wote wamekataa kwenda na mmoja wao amemcheka. Anauliza kama mtu mzima aliye peke yake anaruhusiwa kuingia na kupanda kila kitu, begi lake atamwachia nani, chakula cha mchana atakila vipi bila kuonekana kama mtu aliyeachwa na wenzake, na akipatwa na jambo ni nani atakayejua. Mwisho wa barua ameongeza swali ambalo nadhani ndilo lililomfanya aandike: "Nitakapofika mbele ya foleni na mhudumu akaniuliza mko wangapi, nitajibu nini?"

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa nimesimama miaka mingi upande wa pili wa swali hilo, kwenye jukwaa la kupandia, nikiuliza "mko wangapi?" mara mamia kila siku. Inua kidole kimoja na useme "mmoja." Mhudumu anayeuliza hataki kujua kwa nini umekuja bila mwenzi; anataka kujaza viti, na jibu analolipenda kuliko mengine yote ni hilo lako. Mtu mmoja anaingia popote. Watu watatu wanaokataa kutenganishwa ndio wanaomsumbua, kwa sababu wanaacha kiti kimoja kitupu ambacho treni itaondoka nacho bila faida kwa yeyote.

Tuitazame hesabu yenyewe, maana ndiyo inayoamua siku yako itakuwaje. Chukua treni ya rolakosta yenye safu nane za viti vinne, yaani viti 32, inayoondoka kila baada ya sekunde 90. Kwa saa moja zitaondoka treni 40. Familia na makundi yakipangwa bila kutenganishwa, na tuseme kila treni ibaki na viti vitatu vitupu, kwa saa hiyo moja vimepotea viti 120. Ndiyo maana bustani nyingi kubwa zimeanzisha foleni ya pembeni kwa ajili ya wanaokubali kukaa popote, ambayo mimi huiita foleni ya abiria mmoja mmoja, na viti hivyo 120 ndivyo inavyogawiwa. Katika mfano wetu foleni hiyo inasogea kwa watu wawili kila dakika, hivyo ukikuta watu 30 mbele yako utapanda baada ya robo saa, wakati aliye nyuma ya watu 1,160 katika foleni kuu atasubiri saa nzima. Wote mtapanda treni ileile, kwa tiketi ya thamani ileile.

Hata hivyo foleni hiyo haiendi haraka kila mahali, na watu wengi huingia humo bila kutazama. Kabla hujaingia, hesabu viti vilivyomo katika safu moja, kisha angalia ni watu wa namna gani waliojaa foleni kuu. Safu ya viti vitatu ndiyo neema ya mtu aliye peke yake, kwa sababu kila wawili wanaokaa humo wanaacha kimoja. Mchezo wa magari uitwao Radiator Springs Racers, uliofunguliwa mwaka 2012 katika bustani ya Disney California Adventure, una magari ya watu sita katika safu mbili za watu watatu, na mpango huo wa viti ndio unaoifaa sana foleni yake ya abiria mmoja mmoja. Safu ya viti vinne nayo ni nzuri pale penye familia za watu watatu au watano. Safu ya viti viwili inategemea waliopo: ikiwa mbele yako ni wachumba na marafiki wawili wawili, viti vitupu vitakuwa vichache mno, na nimewahi kuona foleni ya abiria mmoja mmoja ikisimama kwa dakika 20 huku foleni kuu ikipita pembeni yake kama maji. Katika hali hiyo hakuna aibu kurudi na kuingia foleni ya kawaida.

Foleni hiyo ina gharama zake pia, ambazo ni vizuri uzijue mapema ili zisikuudhi. Huchagui kiti wala safu. Mara nyingi unapitishwa njia ya mkato isiyo na mapambo, sauti na maelezo ya utangulizi ambayo wabunifu wamehangaika kuyaweka katika foleni kuu, hivyo mchezo wenye kisa unaweza kukuanzia katikati. Katika Disneyland ya California kuna mchezo wa chombo cha angani ulioanza mwaka 2019, ambamo watu sita hugawana kazi, wawili wakiwa marubani, wawili wapiga mizinga na wawili mafundi. Anayetoka foleni ya abiria mmoja mmoja kwa kawaida hupewa ufundi, yaani kiti cha nyuma, kwa kuwa kila familia inataka urubani. Kwa hiyo ninashauri hivi: mchezo ambao umeuota kwa miaka mingi, upande mara ya kwanza kupitia foleni kuu, saa ambayo ni fupi, ukione kila kilichowekwa humo, kisha urudie mara ya pili na ya tatu kwa njia ya pembeni. Foleni ya pembeni inaweza kufungwa wakati wowote inapojaa, na kufungwa kwake saa nne hakumaanishi kwamba saa nane itakuwa bado imefungwa.

Michezo yenye foleni hiyo huonyeshwa kwenye ramani ya bustani au kwenye programu yake ya simu. Bustani za Disney na za Universal zinazo kadhaa; Europa-Park iliyoko Rust, Ujerumani, inazo pia; na Disneyland Paris inayo hata kwenye Crush's Coaster, mchezo ambao foleni yake kuu hurefuka tangu asubuhi. Mahali pasipo na foleni rasmi, wahudumu wengi hupaza sauti kuita mtu mmoja wa kujaza kiti. Unapokaribia jukwaa simama mahali unapoonekana, acha simu, mtazame mhudumu machoni, na kidole kiwe tayari.

Kuhusu kununua ruhusa ya kupita foleni: zamani, kuanzia mwaka 1999, Disney ilikuwa na mfumo wa bure wa kupangiwa saa ya kurudi, lakini siku hizi katika bustani zake kubwa huduma ya namna hiyo hulipiwa, na bustani nyingine nazo zinauza za kwao. Mtu mwenye familia ya watano anaweza kuwa na sababu nzuri ya kununua. Wewe usinunue mpaka umeorodhesha michezo unayoitaka na kuona ni mingapi kati yake ina foleni ya abiria mmoja mmoja, kwa sababu huenda ukalipia kitu ambacho hali yako tayari inakupa bila malipo.

Sasa, je, kila mlango uko wazi kwako? Karibu kila bustani kubwa humpokea mtu mzima aliye peke yake bila swali lolote, lakini kuna vighairi vichache vinavyostahili kujulikana kabla ya kulipa. Vituo vya ndani viitwavyo Legoland Discovery Centre, ambavyo vimewekwa kwa ajili ya watoto, haviruhusu mtu mzima asiye na mtoto isipokuwa katika jioni maalumu za watu wazima, na hivi si sawa na bustani za Legoland zenyewe, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Billund, Denmark, mwaka 1968. Vilevile, katika michezo ya maji, baadhi ya maboya makubwa yanahitaji watu wawili au zaidi ili uzito utoshe kuyasukuma na kuyapitisha vizuri kwenye mikunjo. Mwambie mhudumu kwamba uko peke yako naye mara nyingi atakuunganisha na kundi lenye nafasi. Soma ubao ulio mlangoni kwa kila mchezo, si kwa ajili ya urefu tu. Mara nyingi nje ya rolakosta kubwa huwekwa kiti cha mfano, na mtu mwenye wasiwasi kuhusu mwili wake anaweza kukikalia na kufunga chuma cha mapajani, kile kinachomshikilia abiria kitini, akiwa hajapanga foleni, jambo ambalo ni rahisi zaidi kulifanya bila wenzako kukutazama.

Kwenye michezo inayozunguka kwa mduara, yenye benchi la watu wawili, kuna jambo moja ambalo aliye na mwenzake huambiwa na aliye peke yake husahauliwa. Mzunguko hukusukuma kuelekea nje, ndiyo maana wahudumu humweka mtu mzito upande wa nje ili asimkandamize mwepesi. Ukiwa peke yako hakuna wa kumkandamiza, lakini utateleza benchi zima na kugonga ukingo kwa nyonga. Kaa upande wa nje tangu mwanzo, uuegemee ukingo, na ushike mpini. Nimewaona watu wakishuka na michubuko kwa kukaa katikati kama wafalme.

Begi, dada yangu, ndilo tofauti kubwa ya kweli kati yako na wenye kundi. Foleni ya watu usiowajua, nusu saa ya kimya, kiti cha peke yako mgahawani, hayo yote utayazoea kabla ya saa sita mchana, begi halizoeleki. Makundi huwa na mtu asiyependa kupanda, shangazi mwema anayeketi kwenye benchi akilinda vitu vya wote, na wewe huna shangazi huyo. Michezo mingi ya kasi haimruhusu mtu kupanda na kitu chochote kinachoweza kudondoka, na katika bustani za Universal mjini Orlando baadhi ya rolakosta zina mlango wa kugundua vyuma kabla ya kupanda, ambapo hata simu na sarafu hubaki kwenye makabati madogo ya bure. Kwingine makabati hulipiwa, na yapo mbali na mchezo, na kila safari ya kwenda na kurudi inakula muda ule uliouokoa kwenye foleni.

Kwa hiyo panga mavazi yako kama mtu atakayeishi kutoka mfukoni. Vaa suruali yenye mifuko miwili ya zipu, au mkoba mwembamba wa kiunoni unaobana chini ya nguo, lakini uulize kwanza kama unaruhusiwa kwa kuwa baadhi ya vyuma vya mapajani havifungi vizuri juu yake. Beba simu, kadi moja ya benki, kitambulisho au nakala yake, tiketi, dawa unazozihitaji kwa siku hiyo, na fedha kidogo taslimu. Koti la mvua la plastiki linalokunjwa hadi kuwa dogo kama kiganja linatosha. Chupa ya maji isiyo na maji haina uzito, nawe utaijaza mabombani. Kila kitu kingine kiache hotelini, na kama ni siku ambayo lazima ubebe zaidi, kodi kabati moja la siku nzima karibu na lango, uweke humo nguo za kubadili na sweta la jioni, na ulitembelee mara mbili tu. Ukivaa miwani, nunua kamba ya kuifunga nyuma ya kichwa. Pasipoti usije nayo, isipokuwa sheria ya nchi uliyopo inakutaka uibebe. Usiliache begi sakafuni jukwaani kwa imani kwamba utalikuta. Mara nyingi utalikuta, lakini dakika mbili za kuwaza begi ndani ya treni ni dakika mbili ulizolipia bure.

Simu ndiyo ramani yako, tiketi yako, saa yako, na kwa siku hiyo ndiyo mwenzako, kwa hiyo ikizimika saa kumi na moja jioni umepoteza vyote kwa pamoja. Beba betri ya akiba na waya wake. Andika kwenye karatasi, kwa kalamu, jina na anwani ya hoteli na namba mbili za watu wako, kisha uitie karatasi hiyo mfukoni. Jaza pia zile taarifa za dharura ambazo simu nyingi huweza kuzionyesha bila neno la siri: ugonjwa ulio nao, dawa unazotumia, kitu kinachokudhuru na mtu wa kupigiwa.

Hapo tumeshaingia katika swali la nani atajua ukipatwa na jambo. Kabla ya kutoka hotelini mwambie mtu mmoja, hata kama yuko nchi nyingine, bustani unayokwenda na saa utakayompigia jioni. Na saa hiyo ikifika, mpigie. Ukiingia langoni, tafuta kwenye ramani kituo cha huduma ya kwanza, kwa kuwa kila bustani kubwa inacho, kina wauguzi au wahudumu waliofunzwa, kina kitanda, na unaweza kwenda huko kwa sababu ndogo tu kama malengelenge ya mguuni au kichwa kinachogonga. Watu hudhani ni mahali pa wanaobebwa kwa machela, nao wanakaa juani wakiteseka kwa jambo ambalo dakika 20 za kulala kwenye ubaridi zingelimaliza.

Jihadhari zaidi na mwili wako kuliko na watu. Aliye na wenzake ana macho ya kumwambia kwamba amepauka, hajanywa maji tangu asubuhi, aketi. Wewe utalazimika kuwa macho hayo mwenyewe. Kutembea zaidi ya kilomita 10 katika siku moja ya bustani si ajabu, tena juu ya lami yenye joto, kwa hiyo vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, unywe maji kabla ya kiu, na uketi kivulini kila baada ya saa mbili hata kama hujachoka. Kichefuchefu mara nyingi huletwa zaidi na michezo ya kuzunguka na ile ya kukaa mbele ya skrini kubwa, ambamo macho yanaona mwendo ambao mwili hauuhisi, kuliko na rolakosta yenyewe. Ukianza kukihisi mbele ya skrini, tazama kitu kisichosogea kama ukingo wa chumba au kiti cha mbele. Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari hunywewa kabla ya safari, na nyingi huleta usingizi, kwa hiyo muulize mfamasia na usiijaribu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ukiwa na ujauzito, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au maumivu ya shingo na mgongo, maonyo ya mlangoni yameandikwa kwa ajili yako, na mimi sina ruhusa ya kuyapunguza makali. Ndani ya treni egemeza kichwa kwenye kiti na uangalie mbele, mahali reli inakoelekea, ili shingo ijiandae kabla ya kona.

Jambo jingine ambalo nimeliona mara nyingi: mtu aliye peke yake akiogopa dakika ya mwisho, huona haya kujitoa kwa kuwa hana wa kumsingizia. Karibu kila jukwaa lina njia ya kutoka upande wa pili wa treni. Mwambie mhudumu "sipandi," upite ndani ya behewa hadi ng'ambo, ushuke. Hatutakuuliza kitu, na tukio hilo tumelisahau treni inayofuata inapoingia.

Kuhusu watu wengine, hatari kubwa si nyingi katika mahali penye taa, walinzi na familia, lakini busara ya kawaida ya msafiri inabaki palepale. Anayekuzoea kupita kiasi na kuuliza umekuja na nani, mwambie kwamba wenzako wanakusubiri kwenye mchezo unaofuata, kisha uende; huo si uongo wa kukuumiza dhamiri. Usiache kinywaji mezani ukirudi kuchukua kijiko. Jina la hoteli yako halimhusu mtu uliyekutana naye foleni, hata awe mcheshi namna gani, na wacheshi foleni utawapata wengi, kwa kuwa watu watatu wakipangwa na mgeni katika safu moja huanza kuzungumza naye kabla chuma hakijafungwa. Baadhi ya picha ninazozikumbuka zaidi, zile zinazopigwa na kamera iliyo kwenye mteremko, ni za mtu mmoja aliyekaa na familia nzima asiyoijua, wote midomo wazi kwa namna moja.

Picha zako mwenyewe zitapatikana. Mkaribie mama anayewapiga picha watoto na mume wake, ujitolee kuwapiga wote pamoja naye, naye atakupiga yako bila kuombwa mara mbili. Wapiga picha wa bustani nao aghalabu hukubali kutumia simu yako.

Chakula kina ugumu mmoja tu wa kweli, nao si macho ya watu. Ugumu ni kwamba kundi humtuma mmoja kushika meza huku wengine wakipanga foleni, nawe ukishika meza huwezi kununua, na ukinunua utabaki umesimama na sinia. Kula saa ambayo wengine hawali. Ukila saa tano kasoro asubuhi au saa tisa alasiri meza zitakuwepo, na utakuwa umepata faida ya pili: wakati wa kilele cha chakula, baadhi ya foleni za michezo hupungua kidogo. Pale bustani inaporuhusu kuagiza kwa programu ya simu, agiza ukiwa bado unatembea, uchukue chakula kikiwa tayari, kisha utafute ukingo wa kivuli unaotazamana na bwawa au jukwaa la maonyesho. Katika mgahawa wa kuhudumiwa, mtu mmoja mara nyingi hupewa nafasi kwenye kaunta wakati familia zinaambiwa zisubiri. Usipande mchezo wa kuzunguka ndani ya saa moja baada ya mlo mzito. Na kama bado unaogopa kutazamwa, basi tazama wewe kwanza: utaona kwamba kila mzazi katika ukumbi ule anahesabu watoto, na hakuna macho yaliyobaki ya kukuhesabu wewe.

Mpangilio wa siku ndio mahali ambapo utajua umepewa nini. Fika langoni nusu saa kabla ya kufunguliwa, ukiwa tayari na tiketi kwenye simu, na uende moja kwa moja kwenye mchezo wenye foleni ndefu kuliko yote usio na foleni ya abiria mmoja mmoja. Hiyo saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi kuliko zote, na wewe huna wa kumsubiri msalani. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, foleni zinaponenepa, ishi kwenye njia za pembeni, kwenye maonyesho ya ukumbini ambamo kiti kimoja hupatikana hata milango inapokaribia kufungwa, na kwenye matembezi. Gwaride likipita, wapenzi wa gwaride wameziacha foleni. Ukilitaka gwaride, mtu mmoja hupenya hadi mbele kwa urahisi, ila usisimame mbele ya mtoto. Manyunyu yakianza wengi hukimbilia madukani, nawe ukiwa na lile koti la plastiki utapata nusu saa ya ajabu, isipokuwa kukiwa na radi, kwa sababu hapo michezo ya nje husimamishwa. Katika bustani nyingi aliyeingia foleni kabla ya saa ya kufunga hupandishwa hata kama saa imepita, hivyo dakika kumi za mwisho ni za mchezo ulioupenda kuliko yote.

Ila usiijaze siku nzima kwa michezo. Wenye makundi hawapati nafasi ya kusimama, kwa kuwa daima kuna mmoja anayevuta mkono. Kama bustani utakayokwenda ni ya aina ya Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, au Efteling ya Uholanzi ya mwaka 1952, ambayo msitu wake wa hadithi ulibuniwa na mchoraji Anton Pieck, basi nusu ya thamani ya tiketi iko katika vitu vya kutazamwa polepole. Kule Tivoli kuna rolakosta ya mbao ya mwaka 1914 ambayo hadi leo treni yake huendeshwa na mtu wa breki anayesafiri nayo. Ningekuwa wewe ningeipanda mara moja, kisha ningesimama nje robo saa nikimtazama tu yule mtu wa breki anavyojua mahali pa kuivuta. Na kwenye rolakosta yoyote uipendayo, panda mbele mara moja na nyuma mara moja kama mhudumu atakubali, kwa maana mbele utapata upepo na mandhari, lakini nyuma behewa lako litavutwa juu ya kilele na mabehewa yaliyokwisha kuanza kushuka, na utahisi kiti kinakukimbia. Kwa safu ya mbele, mhudumu akiona kundi la watu watatu kwenye safu ya viti vinne, kiti cha nne hukosa mwenyewe. Muulize kwa upole kama kinaweza kuwa chako.

Jioni, fataki zikimalizika, watu wote huelekea lango moja kwa wakati mmoja, na huo ndio msongamano pekee wa siku ambao kuwa peke yako hakuusaidii. Toka dakika kumi kabla hazijaisha, au keti kwenye benchi nusu saa baada ya kuisha, umpigie yule uliyemwahidi kumpigia. Asubuhi utakuwa umepiga picha ya namba ya kituo cha basi au ya safu ya maegesho, na umeandika saa ya basi la mwisho kwenye ileile karatasi yenye anwani ya hoteli.